Maswali ya Wasomaji: Pesa za Wafadhili Zikifika Mashinani

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: misaada ya nje inayolenga kupunguza umaskini kwa kujenga afya, elimu na lishe ya watu. Tumejibu tano. Majina tumeyaacha.

Swali, Kaptembwo, Nakuru: Tunaambiwa Kenya ni nchi ya kipato cha kati. Mimi nafulia watu nguo na kuna siku tunalala bila kula. Huyo anayepima anapima nini?

Jibu: Kenya iliingia kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2014, hesabu za pato la taifa zilipofanywa upya. Hicho ni kipimo cha wastani. Pesa zako na za tajiri wa Milimani zinajumlishwa, kisha mnagawiwa sawa kwenye karatasi.

Ni kwa sababu ya kasoro hiyo ndipo mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu, chini ya mchumi Mpakistani Mahbub ul Haq. Ripoti hiyo iliweka pamoja mambo matatu: umri ambao watu hutarajiwa kuishi, elimu, na pato. Hata hivyo, bado ni kipimo cha nchi nzima. Kinachoingia hadi ndani ya nyumba yako ni kipimo cha umaskini wa pande nyingi, kilichoanza 2010. Kina vigezo 10. Viwili ni vya afya na viwili vya elimu, na kila kimoja kati ya hivyo kina uzito wa 1/6. Sita vilivyobaki ni vya hali ya maisha, kila kimoja 1/18. Nyumba ikifikisha theluthi moja ya upungufu, inahesabiwa kuwa maskini.

Tuchukue nyumba ya kupanga: sakafu ya udongo, choo cha kutumia na wapangaji wengine, jiko la makaa. Hapo ni 3/18. Kwa kipimo hiki, nyumba hiyo bado si maskini, hata ukishangaa. Sasa mtoto wa miaka 12 aache shule: inaongezeka 1/6, yaani 3/18 nyingine, na nyumba imefika theluthi. Mtoto mmoja kurudi darasani ana uzito wa sakafu, choo na jiko kwa pamoja. Ukiona wafadhili wanakimbilia karo na sare kabla ya saruji, sababu mojawapo ni hiyo. Ila kipimo hiki hakiulizi kama mlilala njaa jana. Lishe husomwa kwenye uzito na urefu wa mwili, na njaa ya siku mbili tatu kwa mwezi huweza kupita bila kuonekana. Malalamiko yako yana msingi.

Swali, Butula, Busia: Mfadhili alitujengea chemchemi: zege, bomba, ua, kila kitu. Maji ni meupe kabisa. Mbona watoto bado wanaharisha?

Jibu: Kwa sababu maji huchafuka njiani na nyumbani. Jambo hili lilipimwa huko huko Busia, kwenye chemchemi karibu 200, na timu iliyomhusisha Michael Kremer, mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kujengea chemchemi kulipunguza vijidudu vya kinyesi kwa takriban theluthi mbili pale bombani. Ndani ya nyumba, upungufu ulikuwa karibu robo tu.

Fuatilia mtungi mmoja wa plastiki wa lita 20. Umesuuzwa kwa mkono uliotoka kumbadilisha mtoto nepi, umezibwa kwa majani au kwa gunzi, maji yamemiminwa kwenye chungu, na kikombe kinachotumbukizwa humo kinashikwa na kila anayepita. Zege haliwezi kuzuia lolote kati ya hayo. Klorini inaweza, kwa kuwa inabaki ndani ya maji na kuendelea kuua vijidudu hata baada ya kufika nyumbani.

Mkiwekewa tangi dogo la klorini kando ya chemchemi, hesabu ni hii. Dozi ya kawaida ni miligramu 2 kwa lita, hivyo mtungi wa lita 20 unahitaji miligramu 40. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 1.2, hizo ni mililita 3 na kidogo. Tangi lenyewe hutoa kipimo hicho ukizungusha valvu mara moja. Weka dawa kwanza, kisha teka, maji yachanganyike yenyewe. Subiri dakika 30. Mwendo wa kurudi nyumbani unahesabika.

Mambo hayo huharibika wapi? Kwanza, mvua kubwa ikinyesha maji huwa na matope, na matope hula klorini. Acha maji yatuame, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha weka dozi mbili. Pili, chungu cha udongo. Kinapoza maji vizuri, lakini kuta zake humaliza klorini haraka na mdomo wake mpana unakaribisha mikono. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au koki. Tatu, jua. Dawa ikikaa kwenye joto hupungua nguvu huku rangi yake ikibaki ile ile, na watu huendelea kuzungusha valvu wakidhani wametibu maji. Afisa wa afya ya umma akija, mwombe apime maji ya nyumbani, siyo ya bombani. Kipimo kikionyesha chini ya miligramu 0.2 za klorini kwa lita, hamna kinga.

La nne ndilo huua miradi mingi: hakuna anayejua dawa itaisha lini. Familia 50 zikiteka mitungi mitatu kila siku, ni mitungi 150, yaani mililita 450. Dumu la lita 5 linaisha kwa siku 11. Mwenye zamu aandike tarehe ya kujaza kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi lenyewe, na dumu jipya liwe limefika siku ya nane. Kabla mfadhili hajaondoka, muulizeni ni nani atalinunua, na jibu liandikwe.

Swali, Ugunja, Siaya: Shirika linapogawa pesa kwa simu, si bei zitapanda na wanaume watazinywa? Na mbona jirani alipata, mimi nikarukwa?

Jibu: Siaya ni mahali pazuri pa kuulizia hilo, maana ndiko lilikochunguzwa kuliko karibu popote duniani. Shirika la GiveDirectly lilipeleka karibu dola 1,000 kwa kila nyumba, kwa nyumba zaidi ya 10,500, na watafiti wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1. Kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo hilo, na hata waliorukwa walianza kutumia zaidi. Sababu ni kwamba posho mili, fundi mashine na duka la pembeni walikuwa na nafasi ya kuhudumia wateja zaidi bila kuongeza gharama kubwa. Kuhusu pombe, uchambuzi uliokusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali haukuona pesa za namna hii zikiongeza ulevi.

Ulirukwa kwa sababu ya paa. Mpango ule ulichukua nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, na mwenye mabati akaachwa hata kama chini ya mabati hamna kitu. Ni kigezo kikali, tena kinaumiza, ila kina faida moja: kila mtu kijijini anaweza kukihakikisha kwa macho, na mzee wa mtaa hawezi kumpenyeza shemeji yake.

Matokeo yaliyotolewa 2025 yanasema vifo vya watoto wachanga katika nyumba zilizopata pesa vilipungua kwa karibu nusu, hasa pesa zilipofika wakati wa uzazi. Mama alipumzika shamba miezi ya mwisho na akaweza kujifungulia hospitalini. Lakini nafuu ilikuwa kubwa pale penye kituo cha afya chenye daktari karibu. Pesa mfukoni hazijengi zahanati, na anayesema zigawiwe kisha mengine yote yafungwe anakosea.

Tahadhari: laini iwe imesajiliwa kwa jina lako na lilingane na kitambulisho, la sivyo malipo hukwama. Na mtu akikutaka utume shilingi 500 za "usajili" ndipo upokee msaada, huyo ni tapeli.

Swali, Nyalenda, Kisumu: Sisi ni akina mama 14. Tunataka mfadhili wa uji wa watoto wa chekechea 60. Tuanzie wapi?

Jibu: Sajilini kikundi kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii wa kaunti ndogo. Sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii inataka angalau wanachama 10, kwa hiyo mmetimia. Andaeni katiba, kumbukumbu za mkutano mlioamua kusajiliwa, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu, wawili wakihitajika kutoa pesa.

Kisha bajeti, na hapa vikundi vingi huanguka. Gramu 50 za unga kwa mtoto mara 60 ni kilo 3 kwa siku. Muhula wa wiki 13 una siku 65: kilo 195 za unga. Sukari gramu 10 kwa mtoto, kilo 39. Halafu yale yanayosahauliwa: kusaga, makaa, maji, sufuria, vikombe, na malipo ya mpishi. Mkiyaacha, mtayalipa kwa kupunguza unga, na mkaguzi ataona uji umekuwa maji ya rangi.

Msinunue kilo 195 za unga kwa mpigo, maana utaharibika. Nunueni nafaka kavu, msage kila wiki mbili, na soya ikaangwe kwanza. Kabla ya kulipa, tia kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye kuta, mahindi yana unyevu na yataota kuvu wenye sumu. Yaacheni kwa mwenyewe.

Mfadhili makini atataka kujua hali ilivyokuwa kabla hamjaanza. Nakilini rejista ya mahudhurio ya muhula uliopita. Mwombeni mhudumu wa afya ya jamii apime mkono wa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa utepe: chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni hatari na mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, uji wenu hautoshi.

Katika utafiti wa chekechea 50 magharibi mwa Kenya, chakula kilipandisha mahudhurio kutoka karibu asilimia 27 hadi 36. Lakini kupika na kugawa kulikula muda wa masomo, na alama zilipanda tu pale mwalimu alipokuwa na mafunzo mazuri. Kwa hiyo asipike mwalimu. Andikeni hivyo kwenye ombi lenu.

Swali, Rangwe, Homa Bay: Marekani imekata misaada. Nyumbani kuna anayetumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Tufanye nini?

Jibu: Asiache dawa hata siku moja kwa kuogopa kwamba zitaisha. Aliye na virusi vilivyodhibitiwa aombe dawa za miezi kadhaa kwa mpigo. Kama kliniki yake imeunganishwa na foleni ya kawaida, aende na kadi yenye nambari yake ya mgonjwa, na akihamia kituo kingine adai barua ya uhamisho.

Amri ya Marekani ya kusitisha misaada ilitoka 20 Januari 2025, na USAID, shirika lake la misaada, ikaacha kuendesha misaada 1 Julai mwaka huo. Nchi tajiri zilikubaliana katika Umoja wa Mataifa mwaka 1970 kulenga asilimia 0.7 ya pato lao kwa misaada. Zilizozoea kuifikia, kama Norwe na Luxembourg, zinahesabika kwa vidole, na Marekani haijawahi kuwamo.

Kuna sehemu ambayo tayari tunailipia wenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa 2023 hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kaunti ikichelewesha nusu yake, mhudumu haji kwako. Mkitaka kuisukuma, nendeni kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu mkakati wa fedha wa kaunti, ambao lazima ufike bunge la kaunti kufikia 28 Februari. Hapo ndipo kiwango cha kila idara hupangwa. Mkingoja makadirio ya mwisho wa Aprili, mtakuta afya imeshawekewa kikomo.