Kwanza naulizia mti

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: msanii anayeokota majani, mbegu, magome na takataka akavitundika ukumbini, anayalinda mazingira au anayafanyia matanga? Jibu langu linategemea hali ya mahali alipovitoa. Mbele ya kazi ya namna hiyo natazama kwanza imetengenezwa kwa malighafi gani, kisha naulizia mti wake, au kinamasi chake, kama bado kipo.

Nafundisha sanaa hapa Jinja, mji uliowahi kuona ukusanyaji wa aina nyingine. Katika miaka ya 1950 Mwingereza Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki, alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha hapa akichunguza furu, wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje. Miaka hiyohiyo sangara akaingizwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametamalaki, na wataalamu wanakadiria kwamba aina 200 hivi za furu wa Ziwa Victoria zimetoweka. Sangara hakuwa peke yake katika kuwamaliza. Maji machafu yanayokosa hewa nayo yalichangia. Furu waliohifadhiwa wako London na Leiden, ndani ya chupa za makumbusho. Nawashukuru waliowakusanya, maana bila wao hata hasara yenyewe tusingeijua. Lakini samaki wa chupani hazai.

Wapo wasanii wanaolijua hilo na wakalifanya ndiyo kazi yenyewe. Mmarekani Mark Dion alichukua gogo la mti ulioanguka msituni, lenye urefu wa mita 18 hivi, akaliweka ndani ya nyumba ya kioo mjini Seattle. Juu ya gogo hilo kuvu, kangaga na miche vinaendelea kuota, kwa kusaidiwa na mitambo ya maji na mwanga uliochujwa. Nimeiona kwa picha tu, na ilinitia uchungu, nadhani kama alivyokusudia: gharama yote hiyo kuiga kazi ambayo msitu huifanya bure! Naiheshimu sana. Hata hivyo sisi Uganda tuna mfano unaonifaa zaidi.

Nao ni lubugo, kitambaa cha gome la mti uitwao mutuba. Fundi hungoja msimu wa mvua. Hukwangua ganda la nje, akachana gome la ndani kwa uangalifu na kulibandua likiwa zima, kisha papo hapo huufunga mti kwa majani ya mgomba kama anayefunga kidonda, ili usikauke wakati gome jipya linapoota. Lile alilobandua hulainishwa kwa moto na mvuke, likapelekwa kivulini na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka litanuke mara kadhaa ya upana wake wa kwanza. Linapoanikwa juani ndipo linapopata ile rangi ya udongo mwekundu. Na mutuba huyo yuko palepale shambani, akiitilia kivuli migomba na mibuni, akingoja kuvunwa tena. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Kwangu sifa yake kubwa ni kwamba anayetaka kitambaa kesho hana budi kuulinda mti leo.

Ndiyo maana kazi za Sanaa Gateja, anayeshona shanga za karatasi zilizotupwa juu ya lubugo, naziona zina uzito kuliko hotuba nyingi za Siku ya Mazingira. Hakuna kilichouawa ili zipatikane. Acaye Kerunen naye hufanya kazi na wanawake wasusi wa sehemu mbalimbali za nchi, kwa nyuzi za mgomba, ukindu na matete. Mwaka 2022 yeye na Collin Sekajugo waliiwakilisha Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza na banda lake la taifa katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, na banda hilo likatajwa kwa heshima maalumu na majaji. Nilifurahi kupita kiasi. Mikono ambayo siku zote iliambiwa inatengeneza vitu vya kuuzia watalii, sasa dunia ilisimama kuitazama.

Lakini malighafi ya wasusi inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye vinamasi. Nenda Lwera, kando ya barabara ya Masaka, uone mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga pale palipokuwa na mafunjo. Kinamasi kikifukiwa, mama msusi hupoteza malighafi, kisha hupoteza sababu ya kumfundisha bintiye, na kabla ya kizazi kupita hakuna anayejua jani lipi hukatwa mwezi gani. Elimu hiyo haiwezi kutundikwa ukutani. Hapo ndipo naona wasanii wetu wana deni: picha zao zinasifiwa kwa rangi na ususi, na kinamasi hakitajwi hata mara moja.

Darasani, mwanafunzi akileta kazi ya mafunjo au magome, namtaka aandike nyuma yake alipoyakata, nani alimruhusu, na pakoje sasa. Wengine hunung'unika. Wengine wamerudi na habari ambazo hata mimi sikuzijua kuhusu kijiji chao.

Ningependa kumbi za Kampala zifanye vivyo hivyo, pamoja na Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya, ambako Juni 2024 vilifika vitu 39 vya kitamaduni kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mkopo. Vile vilivyotengenezwa kwa mimea viandikiwe, pamoja na jina la kitu na kabila, jina la mmea na la mahali ulipoota. Na kama haupo tena hapo, liandikwe hilo pia, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mwalimu wa sanaa, Jinja