Hisa ya Shilingi 4 Yenye Thamani ya Shilingi 12

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaweka akiba kidogo kidogo na nimefungua akaunti ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa kielektroniki, kwa dalali. Kuna kampuni ya viwanda katika Soko la Hisa la Nairobi ambayo hisa yake inauzwa shilingi 4, ilhali mali yake, madeni yakishatolewa, ni shilingi 12 kwa kila hisa. Nimeambatisha mizania yake. Je, nitie akiba yangu yote?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ila tunakusihi usiweke akiba yote, na kabla ya kununua hata hisa moja uichambue hiyo shilingi 12. Mizania uliyotuletea inaonyesha mali ya shilingi 21 kwa kila hisa na madeni ya shilingi 9. Katika hizo 21, shilingi 14 ni majengo na mitambo. Zinazobaki 7 ndizo fedha taslimu, bidhaa zilizo ghalani na fedha ambazo wateja bado hawajalipa. Mitambo kwa kawaida huandikwa kwa bei iliyonunuliwa, ikipunguzwa uchakavu mwaka hadi mwaka, na bei hiyo haikuelezi mnunuzi angetoa kiasi gani leo kama kiwanda kingesimama.

Benjamin Graham, aliyemfundisha mwekezaji tajiri wa Marekani Warren Buffett katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa na kipimo kikali: chukua mali ya muda mfupi peke yake, yaani fedha taslimu, bidhaa na fedha za wateja, toa madeni yote, kisha usilipe zaidi ya theluthi mbili ya kinachosalia. Kwa kampuni yako, 7 ukitoa 9 hakisalii kitu. Ni kampuni chache zinazofaulu mtihani huu, na kushindwa kwake hakumaanishi kwamba kampuni ni mbovu. Kunamaanisha kwamba kinga yako itatokana na faida ya biashara, wala si mali iliyoandikwa vitabuni. Kwa hiyo soma taarifa za fedha za miaka mitano, hasa ukurasa wa mtiririko wa fedha taslimu, kwa kuwa kampuni inaweza kutangaza faida kila mwaka huku madeni ya wateja yakivimba na benki ikizidi kukopwa.

Wengi walioshika hisa za kampuni ya sukari ya Kenya, Mumias Sugar, waliyaona haya kwa uchungu. Bei ilishuka hadi chini ya shilingi 1, wako waliozinunua kwa kuamini kwamba kiwanda kikubwa kiasi kile hakiwezi kuwa na thamani ndogo hivyo, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya wadai, kwa sababu ya madeni. Aliyeikopesha kampuni hulipwa kwanza. Mwanahisa husubiri kitakachobaki.

Chunguza pia gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, na mwenye hisa nyingi zaidi. Wewe mwenye hisa chache huwezi kuilazimisha bodi iuze kiwanja kisichotumika ili upate sehemu yako, hivyo kama gawio halijatolewa kwa miaka mingi, tofauti kati ya 4 na 12 inaweza kudumu. Mwulize dalali wako hisa ngapi za kampuni hiyo huuzwa kwa siku, maana zikiwa chache mno utapata taabu kuziuza siku utakapohitaji karo. Ukiridhika na majibu, anza na kiasi ambacho hutakihitaji kwa miaka mitano, na ununue kampuni nyingine pia.