Mkataba wa bodaboda: soma kifungu cha kunyang'anywa kabla ya hesabu

Mkuu, umeuliza kama hesabu (pesa unayompelekea bosi) ya elfu kumi kwa siku kwa miezi 15, kisha pikipiki inakuwa yako, ni dhuluma, kwa pikipiki ambayo bosi kaitoa dukani kwa milioni 3 pamoja na usajili na bima. Tupige mahesabu. Siku 26 kwa mwezi (Jumapili ni yako) ni 260,000. Mara 15 ni 3,900,000. Bosi anapata laki tisa juu. Ukiichukulia kama mkopo ambao riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, ni riba ya karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Ghali, ndiyo, ila dhuluma siioni: mtaji wake uko barabarani kwa mtu ambaye hajaweka dhamana yoyote.

Shida iko kwenye ule mstari wa mwisho wa mkataba wako: "Dereva akishindwa kuleta hesabu siku tatu mfululizo, mmiliki atachukua chombo chake na mkataba utakuwa umevunjika." Ulicholipa hakitajwi popote. Haya, umeugua mwishoni mwa mwezi wa kumi, umeshalipa 2,600,000. Bosi anachukua pikipiki, anaiuza milioni 1.6. Ameshika 4,200,000 kwa chombo cha milioni 3, wewe unarudi nyumbani kwa miguu. Wapo mabosi, si wengi, ambao faida yao hasa iko hapo.

Kenya wana Sheria ya Hire Purchase, yaani kununua kwa kulipa kidogo kidogo (Sura ya 507): kwa mikataba iliyo chini ya sheria hiyo, mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kujichukulia mali mpaka aende mahakamani. Hizo 2,600,000 zako ni theluthi mbili kamili ya 3,900,000. Kwetu Tanzania usisubiri sheria ikuokoe, iandike mwenyewe kabla ya kusaini: "Chombo kikirudishwa baada ya dereva kulipa theluthi mbili, kitauzwa kwa bei ya soko mbele ya pande zote, mmiliki atakata salio lake (deni lililobaki), kinachobaki ni cha dereva." Kwa mfano wetu salio ni 1,300,000, hivyo dereva anaondoka na laki tatu. Bosi hapotezi hata shilingi. Akigoma kifungu hiki, umeshajua alichokuwa anakiwinda.

La pili: andikeni jumla, msiandike muda. "Miezi 15" inazaa ugomvi kila pikipiki inapolala gereji au kituo cha polisi: siku zile zinahesabiwa au zinaongezwa mwishoni? Ukiandika "mkataba unaisha malipo yakifika 3,900,000", ubishi huo unakufa. Faini za kuchelewa nazo, mfano siku uliyochelewa kulipwa mara mbili, si lazima zisimame zilivyo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) kinampa aliyeumizwa na kuvunjwa kwa mkataba fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa kwenye mkataba. Hakimu anaweza kuishusha faini hiyo.

Bima. Wengi wanakata ile ndogo, inayolipa hasara ya mtu wa tatu tu. Pikipiki ikiibwa bima hiyo haimlipi yeyote kati yenu, na mkataba usiposema kitu utasikia "endelea kuleta hesabu". Ama mkate bima kubwa, inayolipa hata wizi, na gharama iingie kwenye ile jumla, ama muandike nani anabeba wizi na kwa kiasi gani. Matengenezo ni rahisi zaidi: oili, tairi, cheni na breki ni za dereva; injini mnagawana, isipokuwa imekufa kwa kukosa oili.

Kadi ya usajili wa pikipiki inabaki kwa bosi mpaka mwisho, hiyo ni kawaida. Ila andikeni nani atalipia kubadilisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) na ndani ya siku ngapi, maana kuna watu wamemaliza kulipa na pikipiki bado inasoma jina la bosi, na bosi simu hapokei.

Hesabu lipa kwa simu kila siku. Ukimpa mkononi, asaini daftari palepale, na ukurasa ukijaa upige picha.