Wachambuzi watatu, korosho ileile

Mdogo wangu, umeuliza kama mchambuzi wa biashara, wa mifumo na wa data ni kazi moja. Hapana. Chukua AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya korosho kule Tandahimba, Mtwara: mnada umepita, malipo hayaonekani. Mchambuzi wa biashara anakaa na karani wa mizani, mtunza ghala na mhasibu, anafuatilia stakabadhi inakwama kwa nani, kisha anaandika mahitaji. Hapo ndipo penye jasho, maana kila mmoja atasema tatizo liko kwa mwenzake! Wa mifumo anayageuza mahitaji hayo kuwa mchoro wa programu: uzito uingizwe wapi, akaunti ya mkulima ihakikiwe lini. Wa data anachambua kilo, madaraja ya ubora na bei za misimu. Ofisi ndogo humbebesha mtu mmoja zote tatu, kwa mshahara mmoja.