Mifupa ya akika usiitupe

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma baada ya swala ya alfajiri, nikarudia kuusoma. Unasema mifupa iliyobaki ya mbuzi wa akika, yule uliyemchinja kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto, uliiweka kwenye friza, juzi ukaichemsha saa nzima ili mkeo apate supu, ukaambulia maji yenye harufu ya nyama tu. Unauliza mbona ile niliyokuwa nikimpikia dada yako alipojifungua ikilala inaganda kama halua, na kama unaweza kuivunja mifupa ili utamu utoke.

Usiivunje. Sisi Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii, tunapendelea mifupa ya akika itenganishwe kwenye viungio tu, tukimtakia mtoto salama ya viungo vyake. Mjukuu wangu ana siku kumi na mbili duniani, acha hiyo dua ikae kwake. Na supu yako haipungukiwi kitu. Uboho ulio ndani ya mfupa karibu wote ni mafuta, si huo unaogandisha. Kinachogandisha ni gegedu, kano na ngozi zilizong'ang'ania kwenye magoti, vifundo na mabega. Hizo huyeyuka polepole kwenye maji ya moto, na supu ikipoa ndipo zinaposhikana. Saa moja haitoshi hata kuzilainisha. Mifupa ya mbuzi ipe saa nne hadi sita, ya ng'ombe nane na zaidi, ya kuku hata tatu zinatosha. Ya samaki nusu saa tu, ukizidisha inaharibika ladha.

Ila kumbuka mbuzi huyo alishapikwa pilau, kwa hiyo utamu mwingi ulikwenda kwenye wali. Mtafutie mwenzake. Pita buchani ununue kongoro moja la ng'ombe, lililokwisha kuchomwa manyoya, wakukatie vipande. Hilo ni la kununua, likikatwa halina neno. Lisugue kwa kisu mpaka weusi wote utoke, maana ukiuacha supu itakuwa na uchungu wa moshi. Na mifupa uchukue ile iliyobaki sufuriani, si ile ya kwenye masinia ya wageni.

Tia maji baridi, yaipite mifupa kwa vidole viwili. Moto uwe mkubwa mpaka povu la kijivu lipande, uliengue lote kwa upawa, usichoke. Kisha punguza moto, na hapa ndipo ulipokosea, baba. Umeniandikia kwamba ilikuwa "inachemka vizuri sana".

Nilipokuzaa wewe, siku ya tano nikajitia kuinuka nikamsaidia bibi yako jikoni. Nikaongeza mkaa, sufuria ikawa inatokota mpaka kifuniko kinacheza. Bibi yako hakusema neno. Alichukua koleo, akatoa makaa zaidi ya nusu, akayafunika yaliyobaki kwa jivu, akaniita niinamie sufuria. Maji yalikuwa yametulia. Kikapanda kiputo kimoja pembeni, kikapasuka, kimya. Halafu kingine upande wa pili. Akaniambia, "Hivyo. Na isiache." Ikitokota kwa nguvu, mafuta huchanganyika na maji, supu ikawa nyeupe na nzito mdomoni. Wewe una jiko la gesi, weka moto wa chini kabisa na kifuniko ukiache wazi kidogo. Maji yakishuka chini ya mifupa, ongeza ya moto.

Kitunguu, tangawizi na pilipili manga tia saa ya mwisho. Chumvi mwisho kabisa, kwa sababu maji yanapungua na chumvi haipungui. Ndimu akamulie mwenyewe bakulini.

Sasa la mkwe wangu. Watakuja watu wamwambie supu hii inaleta maziwa na kujenga mifupa. Supu itampa joto, itampa maji, itamfungulia hamu ya kula, na hayo ni makubwa kwa mtu aliyetoka kuzaa. Maziwa huletwa na mtoto mwenyewe, anyonyeshwe kila anapotaka, usiku na mchana. Kalsiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye supu ni kidogo, hata ukitia siki. Kwa hiyo dagaa wawepo, maziwa yawepo, mboga za majani ziwepo, na vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki asiviache hata siku moja. Nakuomba hili ulisimamie wewe, usimwachie yeye kukumbuka.

Ukishaipua, ichuje ikiwa bado moto. Joto la Dar es Salaam unalijua, supu ikilala mezani asubuhi imeshachacha. Itie sufuria ndogo, uikalishe kwenye beseni la maji baridi, na kabla ya saa mbili kupita iwe ndani ya friji. Hapo inakaa siku tatu. Nyingine igandishe kwenye vikopo vya kutosha mlo mmoja mmoja, na kila ukitoa kimoja ichemke kabisa kabla hajanywa.

Asubuhi fungua friji, uondoe mafuta yaliyoganda juu, uinamishe bakuli. Ikitikisika nzima bila kumwagika, nipigie simu hapo hapo, hata kama ni mapema. Nimeshakata tiketi ya Ijumaa. Nakuja na tangawizi mbichi, na ile mifupa nitakusaidia kuizika.

Mama yako