Umetoka Linux, umeingia FreeBSD: mambo ya kushika mwanzoni

Ukizoea Ubuntu au Debian, siku ya kwanza utadhani hujahama. Terminali ni ile ile, ls ni ile ile, ssh ni ile ile. Mfanano huo ndio unaowaponza wageni wengi. Mradi wa FreeBSD, ulioanza 1993, hutengeneza kerneli (kiini cha mfumo) na zana za msingi kwa pamoja, kama mfumo mmoja. Chochote unachoongeza wewe kwa pkg (zana yake ya kuweka programu, kama apt) ni cha nje, nacho huwekwa chini ya /usr/local. Hili likikuingia akilini, nusu ya maswali yako yamejijibu.

Umeweka nginx na hulioni faili lake la mipangilio ndani ya /etc? Litafute /usr/local/etc/nginx. Bash nayo ni ya nje, inakaa /usr/local/bin/bash. Kwa hiyo skripti inayoanza na #!/bin/bash itagoma na kuandika "not found", huku faili lenyewe unaliona kwa macho yako: kinachokosekana ni bash mahali pale ilipotajwa. Usipachike kiungo ndani ya /bin. Andika mstari wa kwanza hivi: #!/usr/bin/env bash, na skripti itakwenda kwenye mifumo yote miwili. Angalia pia sed -i. Hapa inadai nukuu tupu baada yake, yaani sed -i '' kisha maelekezo yako.

Masasisho nayo ni mawili. Kwenye tawi la 14, mfumo wa msingi unasasishwa kwa freebsd-update fetch, kisha freebsd-update install. Programu zinasasishwa kwa pkg upgrade. Ukifanya moja, nyingine haijafanyika.

Wakati wa kusakinisha chagua ZFS, mfumo wa faili unaoweza kuhifadhi hali ya mfumo ilivyo. Faida yake utaiona hapo chini. Ukifika kwenye kuunda mtumiaji, utaulizwa vikundi vya ziada: andika wheel video. Asiyekuwa kwenye wheel, su (amri ya kugeuka root) humkatalia kuwa root hata akiwa na nywila sahihi. Ukisahau, ingia kama root uandike pw groupmod wheel -m na jina lako. Sudo haiji na mfumo, utaiweka mwenyewe kwa pkg.

Waifai ndiyo inayosumbua zaidi, maana si kila kadi ina draiva. Hakikisha kadi yako inatambuliwa kabla hujafuta diski. Ikigoma, chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, halafu andika dhclient ue0 (ue0 ni muunganisho huo wa USB). Kama unatumia bando, soma ukubwa ambao pkg inakuonyesha kabla hujajibu y; KDE kamili (mazingira ya eneokazi) ni mzigo.

Kwa skrini ya Intel: pkg install drm-kmod (draiva za skrini), kisha sysrc kld_list+=i915kms. Kwa AMD ya kisasa, weka amdgpu mahali pa i915kms. Tumia sysrc daima, usihariri /etc/rc.conf (faili la mipangilio ambalo sysrc huliandika) kwa mkono. Faili hilo husomwa kama skripti ya sh, na nukuu moja isiyofungwa inatosha kukwamisha uwakaji wa mashine nzima.

Kabla ya kupandisha toleo, kwa mfano kutoka 14.x moja kwenda nyingine, andika amri hii: bectl create kabla. Kwa msaada wa ZFS, huhifadhi mfumo ulivyo kama "mazingira" ya kuwakia yenye jina "kabla". Kwenye kupandisha toleo ndipo skrini nyeusi hutokea mara nyingi: kerneli imebadilika, lakini moduli ya drm iliyopo ilijengwa kwa kerneli ya zamani. Yakikukuta, zima, washa, na kwenye menyu ya mwanzo chagua mazingira ya "kabla". Ukishaingia salama, bectl activate kabla huyafanya kuwa ya kudumu. Mpangilio wa kawaida wa kisakinishi huviweka /usr/local na mfumo wa msingi ndani ya mazingira hayo, hivyo vinarudi pamoja. /home iko nje yake, kwa hiyo kazi uliyoandika baada ya hapo haiguswi.