Muulize Wakili: "Cha bure hakidaiwi"?

SWALI: Mwanangu wakili, hujambo? Hapa Ganze mvua imetukimbia misimu miwili. Chakula cha msaada kilipotangazwa tuliandikwa sote, mimi na jirani. Siku ya kugawa nilipanga foleni tangu alfajiri, gunia kwapani. Kufika mezani, jina halimo. Nikauliza, nikajibiwa, "Nyanya, cha bure hakidaiwi." Jirani kanigawia vibaba viwili vya fungu lake, lakini mahindi yana ukungu wa kijani. Nalea wajukuu watatu. Kweli sina la kudai?
— Nyanya, Kilifi

JIBU: Shikamoo, nyanya. Sheria ingoje kidogo, tuanze na sufuria: hayo mahindi usiyapike, na kuku wasipewe. Ukungu huo huweza kuwa na aflatoksini, sumu isiyotoka kwa kuosha wala kuchemsha. Mwaka 2004, huko Ukambani, iliua watu 125.

Sasa huyo wa "hakidaiwi". Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha, chenye ubora unaokubalika. Neno ubora limo humo, ingawa wagawaji hulisahau. Serikali imeruhusiwa kuitimiza haki hii hatua kwa hatua, na kila ukame ukija, hujificha hapo. Lakini ikidai haina uwezo, kifungu cha 20 chataka ithibitishe yenyewe.

Dai lako ni jepesi kuliko hilo: chakula kilikuja, ukarukwa. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Mjukuu akuandikie: "Naomba sababu za jina langu kuondolewa, na vigezo vilivyotumika." Peleka kwa chifu nakala mbili, yako igongwe muhuri. Bila muhuri utaambiwa barua haikufika. Nimeyaona sana hayo. Kuhusu vigezo, sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Hata Mahakama Kuu, kesi ya haki za Katiba haitozwi ada ya kufungua, na barua ya mkono hupokelewa.

Kuhusu ukungu, jirani naye aandike, maana fungu ni lake. Mwambie aweke kibaba kimoja kiwe ushahidi, kwenye mfuko wa karatasi, mbali na watoto, na aandike juu yake tarehe aliyopewa.